UZI: Kifurushi cha kutoka ng'ambo kinavyopita forodhani, na mahali ambapo mnunuzi bado ana nafasi ya kujilinda

Wakuu, habari zenu.

Malalamiko ninayoyasikia zaidi kuhusu vifurushi vinavyoagizwa China, Dubai au Uingereza ni kwamba mzigo "umekwama forodhani". Mara nyingi anayelalamika hajui ni hatua ipi iliyokwama, nani anaushika mzigo kwa wakati huo, wala ni karatasi gani inayosubiriwa. Kazi yangu ni kuandaa hati za mizigo midogo inayoingia Dar es Salaam kwa ndege, na jambo ninalotaka kulieleza kwa kirefu ni kwamba yale aliyoyaandika muuzaji siku alipofunga boksi ndiyo yanayoamua, kwa sehemu kubwa, kodi utakayolipa, siku utakazosubiri na maswali utakayoulizwa. Mnunuzi ana nafasi nzuri ya kuyasahihisha kabla mzigo haujaondoka. Ukishafika, nafasi hiyo inakuwa finyu sana.

Nianze na ufuatiliaji wa mzigo, maana hapo lawama nyingi humwangukia asiyehusika. Mzigo unaokuja kwa njia ya posta hupewa namba yenye alama 13: herufi mbili mwanzoni, tarakimu tisa katikati, na herufi mbili za nchi ulikotoka, kwa mfano CN kwa China au GB kwa Uingereza. Herufi ya kwanza inaonyesha aina ya huduma, kwamba R ni rejista, C ni kifurushi na E ni EMS, yaani huduma ya haraka ya posta. Tarakimu ya tisa hukokotolewa kutokana na zile nane zilizoitangulia, kwa hiyo namba iliyobuniwa tu na muuzaji mdanganyifu mara nyingi hukataliwa na mfumo wa posta hata kabla hujauliza mzigo uko wapi.

Katika taarifa za ufuatiliaji kuna tukio la mzigo kuondoka katika ofisi inayofunga mifuko ya kwenda nje huko ulikotoka, na kuna tukio la kupokelewa katika ofisi ya mabadilishano ya hapa kwetu, yaani ofisi ya posta inayopokea mizigo kutoka nje. Kati ya matukio hayo mawili huwa kuna ukimya, kwa sababu mfuko unasubiri nafasi kwenye ndege au umeshushwa katika kiwanja cha njiani kama vile Addis Ababa au Dubai. Ukimya huo, hata ukidumu wiki kadhaa, hauna uhusiano wowote na forodha ya Tanzania, kwa sababu mzigo haujaingia nchini. Nimeona watu wakienda kugombana na maafisa wa Posta kwa ajili ya boksi ambalo bado liko Guangzhou, na wanaondoka wakiamini kwamba wamefichwa ukweli.

Mzigo ukishafika, kinachoufikia meza ya afisa kwanza ni maelezo yake. Kwa mizigo ya posta kuna fomu mbili zinazotambuliwa na Umoja wa Posta Duniani: CN22, ambayo ni kijikaratasi kidogo cha mizigo yenye thamani isiyozidi SDR 300 (SDR ni kipimo cha fedha cha Shirika la Fedha la Kimataifa), na CN23, ambayo ni ndefu zaidi na hutumika kwa mizigo ya thamani kubwa na vifurushi. Fomu zote mbili zinauliza mambo yale yale, yaani kilichomo, idadi, uzito, thamani na kama ni mauzo, zawadi au sampuli. Tangu tarehe 1 Januari 2021 kanuni za Umoja huo zinataka maelezo hayo yatumwe pia kwa njia ya kielektroniki kabla mzigo haujafika. Kampuni za vifurushi vya haraka zina utaratibu wao unaofanana na huo, nao hutegemea hati ya usafirishaji wa anga pamoja na ankara ya muuzaji.

Hapa ndipo mnunuzi anapoumizwa bila kujua. Muuzaji wa mbali anaandika "vifaa", "zawadi" au "sampuli", kisha anaweka thamani ya dola tano kwa kitu ulichokinunua dola sitini, akidhani anakusaidia. Afisa anayesoma neno "vifaa" hawezi kukipanga kitu hicho katika fungu lolote la ushuru, kwa hiyo boksi linawekwa kando lifunguliwe. Likishafunguliwa na kuonekana kwamba thamani haiendani na kilichomo, maelezo yote yaliyobaki yanapoteza uaminifu, hata yale yaliyokuwa ya kweli. Isitoshe, kifungu cha 203 cha sheria ya forodha kinalihesabu tamko la uongo kuwa kosa la jinai, lenye adhabu ya kifungo kisichozidi miaka mitatu au faini isiyozidi dola 10,000. Mzigo huo ukipotea njiani, utadai vipi fidia ya dola sitini kwa kitu ambacho hati yake inasema ni dola tano?

Kwa hiyo, kabla ya kulipa, mwandikie muuzaji maneno unayotaka yaonekane kwenye fomu: "magauni mawili ya kike ya pamba, dola 18 kila moja", au "chaja moja ya kompyuta ya mkononi, dola 25". Mwombe aweke ankara ndani ya boksi na nakala nje yake, na jina lako liandikwe kama lilivyo kwenye kitambulisho chako. Ni ujumbe wa dakika chache, nao huokoa siku nyingi za kusubiri.

Sasa nije kwenye kodi, ambako nitakaa zaidi. Sheria inayotumika ni ya Jumuiya nzima. Tangu Januari 2005 tunafuata Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2004, na viwango vya ushuru wa pamoja kwa bidhaa za nje viko katika madaraja manne: 0%, 10%, 25% na, tangu Julai 2022, 35%. Vitabu vilivyochapishwa na kompyuta viko kwenye 0%. Nguo ziko kwenye daraja la 35%, ambalo liliwekwa kulinda bidhaa zinazoweza kutengenezwa ndani ya Jumuiya. Nchi mwanachama inaweza kuruhusiwa kutumia kiwango tofauti kwa bidhaa fulani kwa muda fulani, na mabadiliko hayo hutangazwa katika Gazeti la Jumuiya karibu na mwanzo wa mwaka wa fedha kila Julai. Ndiyo maana ushauri wa jirani yako aliyeagiza kitu hicho hicho mwaka juzi haukutoshi.

Kiwango hicho hutozwa juu ya thamani ya forodha. Watu wengi hujumlisha bei, bima na nauli yote, kisha wakapiga hesabu. Kwa mzigo wa meli hiyo ni sahihi. Lakini Jedwali la Nne la sheria hiyo, linaloeleza namna ya kukadiria thamani, linasema kwamba mzigo ukiingia kwa ndege nauli haiongezwi kwenye bei. Ni jambo dogo kulisoma, lakini nauli ya ndege kwa kilo ni kubwa, na kwa kifurushi chepesi inaweza kukaribia bei ya bidhaa yenyewe. Kila unapopewa makadirio ya mzigo wa ndege, angalia kama nauli imeingizwa kwenye thamani, na kama imeingizwa, uliza kwa adabu kwa nini.

Tuchukue magauni yaliyonunuliwa kwa shilingi 200,000 na kuletwa kwa ndege. Ushuru wa forodha wa 35% ni shilingi 70,000. VAT ya Tanzania Bara ya 18% hutozwa juu ya thamani pamoja na ushuru, yaani juu ya shilingi 270,000, nayo ni shilingi 48,600. Hadi hapo ni shilingi 118,600, kabla ya kuingiza tozo ndogo kama ada ya huduma ya forodha ya 0.6% ya thamani ya bidhaa na tozo ya maendeleo ya reli, ambazo nazo huongeza kidogo msingi wa VAT. Kompyuta ya bei ile ile ingelipa ushuru sifuri na VAT ya shilingi 36,000 pamoja na tozo hizo. Anayesema "forodha wanachukua nusu ya bei" anasema kweli kwa magauni na anakosea kwa kompyuta, na tofauti hiyo inatokana na fungu la ushuru, wala haitegemei afisa uliyemkuta dirishani siku hiyo.

Kuna dhana mbili ninazoomba tuziache. Ya kwanza ni kwamba kitu cha bei ndogo huingia bure. Wengi wameipata kwenye video za Wamarekani, ambako kifurushi kisichozidi dola 800 kiliingia bila ushuru. Huo ulikuwa msamaha wa sheria ya Marekani, na wao wenyewe wameuondoa, kwanza kwa mizigo ya China mwezi Mei 2025, kisha kwa nchi zote kuanzia 29 Agosti 2025. Ya pili ni kwamba nafuu anayopewa abiria kwa vitu alivyokuja navyo inaweza kuhamishiwa kwenye kifurushi kilichotumwa peke yake. Nafuu ya abiria inamfuata msafiri na mizigo yake, basi.

Baadhi ya vitu havihitaji kodi tu bali vinahitaji kibali, na hapo ndipo ucheleweshaji wa kweli wa ndani ya nchi unapotokea. Dawa na vifaa tiba ni vya Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA). Vyakula na vipodozi viko chini ya Shirika la Viwango (TBS) tangu 2019. Vifaa vya mawasiliano vya redio vinaangaliwa na Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA), na ndege zisizo na rubani zinahusu Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Sabuni na vipodozi vyenye zebaki vimepigwa marufuku moja kwa moja katika Jedwali la Pili la sheria ya forodha, na nalisema hili kwa uchungu, kwa sababu dada zetu wengi huagiza mafuta ya kung'arisha ngozi bila kusoma kilichomo, kisha hulaumu forodha kwa kuzuia sumu. Kibali huombwa kabla ya mzigo kufika. Ukianza kukitafuta mzigo ukiwa ghalani, gharama za kuutunza zinahesabika huku ukizunguka maofisini.

Kwa mzigo unaohitaji tamko kamili, wakala wa forodha mwenye leseni huandaa TANSAD, yaani hati ya tamko la forodha, katika mfumo, maafisa hupitia nyaraka, mzigo hupelekwa kwenye mashine ya mionzi au kufunguliwa ikibidi, kisha hutolewa kumbukumbu namba ya malipo inayolipiwa benki au kwa simu. Usilipe kodi ya serikali kwenye namba ya simu ya mtu binafsi, hata akijitambulisha kwa cheo gani. Baada ya malipo kuthibitishwa, hutolewa idhini ya kuuachia mzigo, na hapo tu ndipo Posta au kampuni ya usafirishaji inaruhusiwa kukuletea.

Nizungumzie pia wale wanaokusanya mizigo ya watu wengi huko China na kuileta pamoja, kwa bei ya kilo au ya ujazo "pamoja na kodi". Huduma hii imewainua wafanyabiashara wengi wa Kariakoo na siibezi hata kidogo. Shida yake ni kwamba tamko la forodha linakuwa na jina la msafirishaji, wewe unabaki na risiti ya kilo tu. Mzigo ukizuiliwa kwa sababu ya bidhaa ya mwenzako, huna hati ya kudai chako. Ukikaguliwa dukani na kuulizwa uthibitisho kwamba bidhaa zililipiwa kodi, risiti ya kilo haijibu swali hilo. Kwa anayejenga biashara, naona ni afadhali kulipa zaidi kidogo na kupata tamko lenye jina na namba yake ya mlipakodi (TIN), au angalau kumbana msafirishaji kwa maandishi ampe nakala ya TANSAD inayoonyesha bidhaa zake.

Karibuni kwa maswali.

*

Mchangiaji, Mwanza: Mkuu, nashukuru kwa uzi huu. Mzigo wangu unaonyesha kwamba umeshikiliwa na forodha tangu wiki iliyopita, na ofisi ya Posta ya hapa Mwanza inasema haina taarifa yoyote. Je, nisafiri hadi Dar es Salaam?

Mwenye uzi: Usisafiri kwanza, mkuu. Katika mfumo wa posta tukio hilo humaanisha kwamba mzigo umewasilishwa forodhani na haujaachiwa. Halimaanishi kwamba umekamatwa. Ofisi ya Mwanza itauona pale tu utakapoondoka Dar es Salaam, kwa hiyo wamekujibu kweli. Piga simu katika ofisi ya mabadilishano ya Dar es Salaam ukiwa na namba yako mkononi, uliza kama wanasubiri ankara au kibali, kisha watumie ankara, uthibitisho wa malipo ya benki au kadi, na picha ya ukurasa wa bidhaa unaoonyesha bei. Mara nyingi hiyo ndiyo karatasi iliyokosekana. Mzigo ungekuwa umekamatwa, sheria inamtaka afisa ampe mwenye mali taarifa ya maandishi pamoja na sababu ndani ya mwezi mmoja, nawe ungekuwa na haki ya kudai mali yako kwa maandishi ndani ya mwezi mmoja.

Mchangiaji, Muscat: Ndugu yangu, mimi naishi Oman na kila mwaka namtumia mama yangu aliyeko Tanga nguo na manukato. Ni zawadi kabisa, hakuna biashara. Kwa nini atozwe?

Mwenye uzi: Dada yangu, msalimie mama. Neno zawadi linaeleza kwa nini umetuma, lakini haliondoi thamani ya kilichotumwa. Tena lina matokeo ambayo watu hawayatarajii. Njia ya kwanza ya kukadiria thamani ni bei halisi iliyolipwa na mnunuzi wa mzigo huo, na katika zawadi hakuna mauziano kati yako na mama. Afisa analazimika kwenda kwenye njia zinazofuata, yaani thamani ya bidhaa zinazofanana kabisa, kisha zinazokaribiana, na kuendelea hadi njia ya sita. Ukiambatanisha risiti ya duka la Muscat ulikonunulia, unampa kitu cha kweli cha kuanzia. Kuhusu manukato, yenye spiriti huhesabiwa kuwa kitu kinachoshika moto kwa urahisi na huduma nyingi za posta hazipokei kusafirisha kwa ndege. Ni salama zaidi kumpa msafiri. Hadhari kama hiyo inazihusu pawabenki na betri za lithiamu zinazotumwa peke yake bila kifaa.

Mchangiaji, Nairobi: Kwetu Kenya hesabu ni hiyo hiyo? Nina mteja Arusha ambaye angependa nimwagizie bidhaa za China kupitia Nairobi, akiamini kwamba kwa kuwa tuko Jumuiya moja hatalipa tena mpakani.

Mwenye uzi: Sheria ya forodha na madaraja ya ushuru ni yale yale, ila kodi za ndani zinatofautiana. Kwenu VAT ni 16%, ada ya tamko la uagizaji ni 2.5% tangu Sheria ya Fedha ya 2023, na tozo ya reli ilipandishwa kuwa 2% mwishoni mwa 2024. Kuhusu mteja wako, mwambie mapema asije akakulaumu wewe: msamaha wa ndani ya Jumuiya hutolewa kwa bidhaa zenye asili ya Jumuiya, zinazothibitishwa kwa cheti cha uasili. Simu iliyotengenezwa Shenzhen haigeuki kuwa ya Kenya kwa kulala Nairobi usiku mmoja. Akiipitisha Namanga bila kuitamka, mzigo wote unaweza kukamatwa.

Mchangiaji, Dar es Salaam: Mkuu, maelezo ni mazuri, lakini umewatetea sana. Kwa uzoefu wangu, unaleta ankara halali na bado afisa anaikataa na kuweka thamani anayoitaka. Mnyonge atafanya nini?

Mwenye uzi: Hoja yako ni ya haki, na siwezi kuikana. Hutokea ankara ya kweli ikatiliwa shaka, hasa kwa bidhaa zilizonunuliwa wakati wa punguzo kubwa la bei. Afisa ana haki ya kutilia shaka, lakini anapaswa kukupa nafasi ya kujieleza na kufuata zile njia sita kwa mpangilio wake. Hana ruhusa ya kuchagua namba kichwani. Kwa hiyo omba sababu kwa maandishi, na utaje njia iliyotumika. Usiporidhika, kifungu cha 229 kinakupa siku 30 tangu tarehe ya uamuzi kumwomba Kamishna aupitie upya, naye ana siku 30 za kukujibu. Asipojibu, ombi lako linahesabiwa kuwa limekubaliwa. Uamuzi wake nao unakatiwa rufaa katika baraza la rufaa za kodi ndani ya siku 45. Wengi wanaoonewa huishia kulalamika kwa mdomo dirishani, na malalamiko ya mdomo hayana tarehe wala muhuri. Andika barua, hata ya ukurasa mmoja, na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.

Uangalie pia muda wakati unabishana. Mzigo ulioko katika ghala la forodha usipoondolewa ndani ya siku 30 unaweza kutangazwa, na baada ya siku nyingine 30 za tangazo ukahesabiwa kuwa umetelekezwa na kupigwa mnada. Usiuache ukae kwa hasira. Uliza kama unaweza kulipa au kuweka dhamana ili uutoe, huku shauri lako likiendelea.

Mchangiaji, Mwanza: Nimewapigia na kweli walikuwa wanasubiri ankara. Swali la mwisho, mkuu: nikilipa kodi kisha nikakuta kitu ni kibovu na kumrudishia muuzaji, kodi yangu imekwenda?

Mwenye uzi: Inaweza kurudishwa. Sheria ya forodha inaruhusu marejesho ya ushuru, na madai yanapaswa kuwasilishwa ndani ya miezi 12 tangu tarehe ya malipo. Lakini usikimbilie kukirudisha boksi posta. Waarifu forodha kwanza, piga picha za ubovu, tunza mawasiliano na muuzaji, kisha uhakikishe kwamba kinaondoka nchini kwa hati inayotaja namba ya tamko lililotumika kukiingiza. Kikiondoka kimya kimya, hutakuwa na namna ya kuonyesha kwamba kitu kilichorudi ndicho kile kile ulichokilipia.